Mwongozo Kamili: Jinsi ya Kuelewa, Kutafsiri na Kutumia Nahau za Kiingereza za Kuchokoza na Kuudhi Watu

Kuna sentensi ambazo hunifikia karibu kila wiki, zimeandikwa na watu tofauti lakini kosa lao ni moja. "My brother is boring me every day," anaandika mwanafunzi wa kidato cha nne, akitaka kusema kaka yake anamkera. "My boss is climbing on my head," anaandika mwingine. Wa tatu, anayejibu ujumbe wa wateja wa nje, alitaka kuomba radhi kwa usumbufu, akaandika "I did not want to step on your nerves."

Hawa si watu wasiojua Kiingereza. Sarufi wanayo na msamiati wanao. Wanapoanguka ni hapa: wanadaka picha iliyo ndani ya nahau, yaani mbuzi, dubu, chungu au mishipa, halafu wanaiacha nia ya msemaji. Katika nahau za kuudhi, nia ndiyo kila kitu. Aliyekuudhi bila kujua na aliyekutafutia hasira kwa makusudi hawastahili neno moja, si kwa Kiingereza wala kwa Kiswahili.

Fuata hatua hizi kwa mpangilio wake. Usiruke ya pili, maana wengi huiruka na ndiyo inayowaponza.

## Vifaa unavyohitaji

Daftari au jedwali lenye safu tano. Safu ya kwanza ni ya sentensi nzima ya Kiingereza, ya pili nani anamfanyia nani, ya tatu ni kwa makusudi au la, ya nne ukali, ya tano Kiswahili chake. Jedwali la kwenye simu linatosha.

Kamusi ya Kiingereza ya wanafunzi. Ya Cambridge na ile ya Oxford ya wanafunzi zinapatikana bure kwenye intaneti. Ubora wake kwa kazi hii ni zile alama ndogo pembeni ya neno zinazokuambia kama ni la mazungumzo ya kawaida, la Uingereza, la Marekani, au ni tusi. Kamusi isiyo na alama hizo itakupa maana na kukuficha hatari.

Kamusi ya Kiswahili. Kamusi ya Kiswahili Sanifu inatosha. Usione haya kuifungua kwa maneno unayoyatumia kila siku. Kuudhi, kukera, kuchokoza, kuchochea, kuchonganisha na kutonesha si maneno yenye maana moja.

Hazina ya matini. British National Corpus ina maneno milioni 100 ya Kiingereza cha Uingereza, na COCA (Corpus of Contemporary American English) ina zaidi ya bilioni 1 ya Kiingereza cha Marekani. Ukiandika nahau yako humo utaona watu halisi walivyoitumia, na nani alikuwa akimwambia nani.

Mtu mmoja ambaye hataiona sentensi ya Kiingereza. Utamhitaji mwishoni. Dada, mwenzako wa kazini, jirani, yeyote anayesema Kiswahili kwa raha.

Programu ya kutafsiri ya kwenye simu iweke kando kwa sasa. Ukiisoma kwanza, tafsiri yake itakukaa kichwani na hutaweza kuifikiria nahau upya.

## Hatua ya 1: Andika sentensi nzima, pamoja na iliyotangulia na inayofuata

Usiandike nahau peke yake. Mfano mzuri ni "wind up". "We wound up in Arusha" maana yake ni tuliishia Arusha. "Let's wind up the meeting" ni tufunge kikao. "He's only winding you up" ni anakutania tu, anataka uhamaki. Maneno ni yaleyale, maana ni tatu, na ni sentensi pekee inayoweza kukuamulia.

Hali ni hiyohiyo kwa "nerve". Kitu kinachokuwa "on my nerves" kinanikera. Mtu anayeambiwa "you've got a nerve!" anaambiwa hana haya. Na "she lost her nerve" ni aliingiwa na woga dakika za mwisho. Ukikariri kwamba "nerve" ni mshipa wa fahamu, zote tatu zitakupita.

Tahadhari: "get under my skin" mara nyingi ni kukera, lakini katika maneno ya mapenzi inaweza kuwa mtu kaniingia moyoni. Sentensi ya jirani ndiyo itakayokuonya.

Umefaulu kama mtu mwingine akisoma ulichoandika anaweza kueleza kisa bila kukuuliza swali.

## Hatua ya 2: Jibu maswali matatu kabla ya kufungua kamusi

Swali la kwanza: alikusudia? "He rubbed me up the wrong way" kwa kawaida ni mtu ambaye hakukusudia lolote, ila tabia au maneno yake yalinikwaza. "He pushed my buttons" huwa ni mtu anayenijua vizuri, anayejua penye donda langu, akapagusa.

Swali la pili: ni tukio la mara moja au la mfululizo? "Get on my nerves" ni kero inayojirudia au inayoendelea: mtoto anagonga meza kwa kijiko, mara ya kumi sasa. "Touch a nerve" ni neno moja lililogusa pabaya, na chumba kizima kikanyamaza.

Swali la tatu: hasira imefika wapi? Pima kwa vidole vitano. Kidole kimoja ni "ruffle a few feathers", watu wachache wamenuna. Viwili ni "get on my nerves". Vitatu ni "drive me up the wall", nakaribia kupata wazimu. Vinne ni "make my blood boil", nimekasirika hasa, mara nyingi kwa sababu ya uonevu. Kidole cha tano nimekiachia matusi, na hayo hayahitaji mwongozo.

Kwa nini kabla ya kamusi? Kwa sababu kamusi nyingi zitakuandikia neno moja, "annoy", mbele ya nahau kumi. Ukienda mikono mitupu utarudi na kuudhi kumi zinazofanana.

Umefaulu kama safu ya pili, ya tatu na ya nne zimejaa na safu ya tano bado ni tupu.

## Hatua ya 3: Iweke nahau kwenye fungu lake

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu. Nahau hizi ni nyingi, lakini zikipangwa kwa nia zinaingia mafungu matano, na ukishajua fungu, nusu ya tafsiri imekwisha.

Fungu la kero. Mtu au kitu kinakuchosha, wala hakikukusudia. Humu wamo "get on my nerves", "drive me up the wall", "drive me round the bend", "rub me up the wrong way" na "a pain in the neck". Hii ya mwisho husemwa kwa mtu hata kwa jambo: fomu ya kodi yenye kurasa kumi na mbili ni "a pain in the neck", na shingo haihusiki. Kiswahili tunalo jina lake kamili, nalo ni kero. Kwa vitenzi tumia kukera, kuchosha, kusumbua. Kwa "rub the wrong way" napenda kusema "hatukupikika chungu kimoja" au "damu zetu hazikupatana", kwa sababu lawama haimwangukii mtu mmoja.

Fungu la uchokozi wa mtu kwa mtu. Hapa kuna makusudi. "Push someone's buttons", "wind someone up", "needle someone", "get someone's goat", "get a rise out of someone". Hii ya mwisho ndiyo inayopotosha watu kuliko zote, kwa kuwa wanaona neno la kuinuka na kudhani ni kumwinua mtu, kumpa hadhi. Kinyume chake kabisa. Ni kumtafutia mtu hasira ili umwone anavyofura. "Needle" ni kumchoma mtu kwa maneno madogomadogo. Sisi tunasema kumrushia vijembe, na sindano na kijembe ni ndugu.

Msomaji mmoja aliniuliza mbuzi wa "get my goat" alitoka wapi. Utasimuliwa habari za farasi wa mashindano na mbuzi wa kuwatuliza zizini. Hadithi hiyo haijathibitishwa na haikusaidii kutafsiri. Andika "ananitia hasira", songa mbele.

Fungu la kumwamsha aliyelala. Mchokozi ni mdogo, anayechokozwa ana nguvu, na hatari ni kubwa. "Poke the bear" ni kumdonoa dubu kwa kijiti. "Stir up a hornets' nest" ni kuchokoza nyigu, na matokeo yake ni kelele za watu wengi kwa pamoja. "Like a red rag to a bull" ni neno au tendo ambalo kwa mtu fulani ni kama kumpungia fahali kitambaa chekundu: akiliona tu, anapandwa na mori. Ng'ombe hawaitambui vizuri rangi nyekundu, kinachomsumbua fahali ni kule kupepea kwa kitambaa, lakini nahau haijali hilo.

Tahadhari kubwa kwenye hii: Mmarekani huweza kusema "red flag" badala ya "red rag". Lakini "red flag" ikiwa peke yake, bila fahali, ni ishara ya hatari, dalili kwamba mtu au mpango si wa kuaminika. Haihusiani na kuudhi hata kidogo.

Fungu la kuvuruga kundi. Hapa hakuchokozwi mtu, kunachafuliwa hewa. "Stir the pot" ni kukoroga chungu ili mambo yaliyotulia chini yapande juu. "Ruffle feathers" ni kuwakwaza wachache, mara nyingi kwa kuleta mabadiliko. "Rock the boat" ni kuyumbisha jahazi wakati wenzako wanataka safari tulivu. "Egg someone on" ni kumchochea mtu afanye jambo la kipumbavu huku wewe umekaa pembeni. Yai halimo humo. Neno hilo lina asili ya lugha ya kale ya Skandinavia na maana yake ni kuchochea tu.

Kwa "stir the pot" watu wengi hukimbilia "uchochezi". Usifanye hivyo kwenye habari au ripoti. Uchochezi kwetu ni neno la mahakamani na polisi, ni kosa la jinai, watu wamelala rumande kwa neno hilo. Shangazi anayepeleka maneno ya jikoni sebuleni si mchochezi. Ni mchonganishi. Anachonganisha, anafitinisha, anachafua hali ya hewa.

Fungu la kuongeza juu ya maumivu. Mtu tayari ameumia, wewe unazidisha. "Add fuel to the fire" ni kumwagia moto petroli. "Rub salt in the wound" ni kutia chumvi kwenye kidonda, na Kiswahili cha ndani zaidi ni kutonesha kidonda. "Add insult to injury" mara nyingi huanza sentensi, na mwenzake wa Kiswahili unaukuta mdomoni mwa kila msimulizi: "na kama hilo halikutosha". Wamemfukuza kazi, na kama hilo halikutosha, wakamkata mshahara wa mwezi.

"The last straw" huingia fungu hili pia. Usiitafsiri "maji yamezidi unga". Maji kuzidi unga ni kulemewa na mambo. "The last straw" ni kile kitu kidogo cha mwisho kilichomaliza subira: "hapo ndipo uvumilivu uliponiishia."

Umefaulu kama unaweza kusema fungu la nahau yako kwa neno moja: kero, uchokozi, kumwamsha aliyelala, uchonganishi au kutonesha.

## Hatua ya 4: Angalia inatoka upande gani wa bahari

Hatua hii naiandika kwa uchungu. Miaka kadhaa iliyopita nilitafsiri barua ya malalamiko ya kazini. Ndani yake msimamizi, Mwingereza, alieleza kwamba kijana mmoja alichelewa mara tatu, naye "ticked him off" mbele ya wenzake. Mimi nilikuwa nimezoea filamu za Marekani, na huko "ticked off" ni kukasirika, "to tick someone off" ni kumuudhi. Nikaandika: "msimamizi alimuudhi mbele ya wenzake." Kwa Kiingereza cha Uingereza, "tick someone off" ni kumkaripia.

Tazama tofauti yake. Katika barua ya Kiingereza, bosi alimkaripia mchelewaji. Katika Kiswahili changu, bosi alimchokoza mfanyakazi na kukiri mwenyewe kwa maandishi. Kikao kilianza kwa kumhoji bosi. Ilichukua nusu saa mpaka mtu mmoja akaomba kuiona barua ya asili, na nilikaa pale nikiwa nimeinamisha kichwa.

Basi kagua alama kwenye kamusi kila mara, hasa kwa hizi:

"Pissed" Marekani ni mwenye hasira, Uingereza ni mlevi. "Pissed off" ni hasira kote kuwili, na si lugha ya ofisini.

"Wind someone up" ya kumchokoza mtu ni ya Uingereza zaidi. "Get up someone's nose", "do my head in" na "get on my wick" nazo ni za huko, na zote ni za fungu la kero.

"Rub someone up the wrong way" ni ya Uingereza. Mmarekani huidondosha "up".

"Take the mickey" ni ya Uingereza, ni kumfanyia mtu dhihaka. Ina nduguye mkali, "take the piss". Ielewe ukiisikia, usiiandike.

Umefaulu kama pembeni ya kila nahau kwenye daftari kuna herufi ya nchi yake, au alama kwamba ni ya kote.

## Hatua ya 5: Usiguse viungo vyake

Nahau ina mwili wake. Ukibadilisha kiungo kimoja, msikilizaji wa Kiingereza anaona umekosea hata kama ameelewa.

"Nerves" ya kero ni ya wingi na lazima iwe na mwenyewe: "on my nerves", "on her nerves". "Nerve" ya kugusa pabaya ni ya umoja: "touch a nerve". Hupandi juu ya "nerves" za mtu wala huzikanyagi. Vinavyokanyagwa ni vidole vya miguu: "step on someone's toes", au "tread on" kwa Mwingereza, na maana yake ni kuingilia kazi au mamlaka ya mwingine. Yule msomaji wa "step on your nerves" alizichanganya hizi mbili.

Anayeudhiwa hukaa katikati: "wind him up", "drive her up the wall". Si "wind up him". Mswahili hili linapaswa kumjia kwa urahisi, maana nasi tunamweka mtendwa tumboni mwa kitenzi: ana-m-chokoza.

"Stir the pot" na "poke the bear" hazina nafasi ya jina la mtu. Husemi "stir the pot him".

Tena, ukitaka lalamiko lako lisikike kama la mwenye lugha, tumia "always" na kitenzi cha hali ya kuendelea: "He's always winding me up." Ndiyo ile "kila saa ananichokoza".

## Hatua ya 6: Tafuta mwenzake wa Kiswahili, ukichunga pacha wa uongo

Sasa jaza safu ya tano. Anza na kitenzi cha wazi kulingana na fungu, kisha ndiyo utafute picha. Ukikosa picha, kitenzi cha wazi kinatosha. Tafsiri safi isiyo na urembo ni bora kuliko urembo wa uongo.

Pacha wa uongo ni nahau mbili zenye sura moja na maana mbili. Hawa ndio wabaya kabisa, kwa sababu wanafanana mpaka moyo unatulia.

*Damu kuchemka.* "It makes my blood boil" ni hasira kali. Kwetu, kijana ambaye damu yake inachemka ana nguvu za ujana na haraka ya maisha. Andika "inanipandisha hasira", au "inanipandisha mori".

*Kutia chumvi.* Kwetu, bila kidonda, kutia chumvi ni kuongezea habari uongo. Kwa hiyo ukitafsiri "don't rub salt in it" kuwa "usitie chumvi", msomaji ataelewa mtu anaambiwa asizidishe maneno. Kitaje kidonda, au tumia kutonesha.

*Kupanda kichwani.* "Ananipanda kichwani" ni mtu anayekosa adabu kwa sababu umemlegezea. Kiingereza chake ni "he walks all over me". Ukiandika "climbing on my head" hutaeleweka, na ukisema "it went to his head" umesema kingine: sifa au cheo kimemlevya.

*Kuboa.* Neno hili tumelichukua kutoka Kiingereza na kulipanua. Vijana wa Dar es Salaam na Nairobi wakisema "unaniboa" wanamaanisha unanikera. Lakini "you bore me" ni kuchusha tu, kukosa ladha, kumfanya mtu apige miayo. Anayekera ni "annoying", kwa mazungumzo "he's bugging me". Ukisahihisha hili moja, nusu ya sentensi ninazoletewa zitakuwa zimepona.

*Kuvuta mguu.* "You're pulling my leg" ni unanitania, unanidanganya kwa mzaha. Hakuna ugomvi hapo.

*Usinichokoze.* Mtoto akimwambia mwenzake neno hili tunasikia michezo. "Don't provoke me" kwa Kiingereza ni onyo la mtu aliye karibu kupiga. Kwa mchezo sema "stop teasing me".

Wakati mwingine Kiswahili kina picha nzuri kuliko ya asili. Kwa "poke the bear", Pwani tunao msemo ambao umevaliwa kwenye kanga kwa miaka: chokochoko mchokoe pweza, binadamu hutamuweza. Aliyewahi kuwaona wanawake wa Jambiani, Zanzibar, maji yakiwa yamekupwa anaujua. Mama anatembea juu ya mwamba na fimbo mkononi, anainama kwenye tundu, anachokoa, anangoja, anachokoa tena, mpaka mkono wa kwanza wa pweza unaizunguka fimbo. Pweza unamchokoa anatoka, unampiga, unakwenda kumpika. Binadamu akitoka hujui utampata vipi. Ni kuchokoa kulekule kwa dubu, na onyo ni lilelile.

Kuna pia "kutikisa kiberiti", inayosikika sana Tanzania. Unatikisa boksi sikioni usikie kama njiti zimo. Mtu anayetishia kuacha kazi ili aone bosi atasema nini anatikisa kiberiti. Inafaa pale uchokozi ni wa kupima, si wa kuumiza.

Tahadhari: pweza na kiberiti vina harufu ya nyumbani. Mzee wa Chicago kwenye filamu akitamka maneno ya kanga, mtazamaji anashtuka. Katika hali hiyo rudi kwenye lile la wazi: "usimwamshe aliyelala". Katika tangazo, hotuba au makala ya hapa kwetu, pweza aje.

Umefaulu kama tafsiri yako inasomeka kana kwamba haikuwahi kuwa Kiingereza.

## Hatua ya 7: Uliza nani anaambiwa

Kwa Kiingereza mjukuu anaweza kumwambia bibi yake "You're driving me up the wall, Gran!" wote wakacheka. Ukiandika "Bibi, unanikera", umemfanya mtoto awe hana adabu. "Bibi nawe, utanitia wazimu!" inabaki kwenye utani, na utani wa bibi na mjukuu unaruhusiwa. Sisi utani tunao kwa ukoo na kwa kabila, babu kwa mjukuu, shemeji kwa shemeji, watani hata msibani. "Wind-up" ya Mwingereza haina mlinzi wa namna hiyo zaidi ya urafiki wenyewe. Kwa hiyo usiijaribu kwa mtu ambaye hujazoeana naye.

Unapoandika Kiingereza cha kazini, kanuni yangu ni hii: nahau ya kuudhi elekeza kwako mwenyewe, usiielekeze kwa unayemwandikia. "I hope I haven't stepped on anyone's toes" ni adabu. "I'm sorry if I rubbed you up the wrong way" ni radhi ya kawaida, ingawa kwa mkubwa wako "I apologise for the inconvenience" ni salama zaidi. "You are getting on my nerves" haina mahali ofisini, hata ukiweka "sir" mwishoni.

## Hatua ya 8: Jaribu kwa sikio la mwingine

Sasa mwite yule mtu wako. Msomee Kiswahili peke yake, kisha muulize: nani kamkosea nani, alikusudia, na hasira imefika wapi? Linganisha majibu yake na safu ya pili, ya tatu na ya nne. Likitofautiana hata jibu moja, rudi hatua ya 3. Kama unataka kuona programu ya simu inasemaje, huu ndio wakati wake.

Huu hapa mfano kamili, nilioufanya na msomaji mmoja mwezi huu. Kiingereza chake: "Your uncle knows exactly how to push her buttons. He wasn't angry about the money. He just wanted to get a rise out of her, and when she walked out he added fuel to the fire by laughing."

Tafsiri yake ya kwanza: "Mjomba wako anajua hasa kubonyeza vitufe vyake. Hakuwa na hasira ya pesa. Alitaka tu kumwinua, na alipotoka akaongeza mafuta motoni kwa kucheka."

Alimsomea mama yake. Mama akajibu kwamba mjomba ni mtu mwema, alitaka kumwinua huyo dada kwa pesa, sema kicheko ndicho kilichoharibu.

Tukarudi. Kwanza tukatazama sentensi za jirani kujua kama huyo "uncle" ni mjomba kweli au ni baba mdogo, maana Kiingereza hakisemi. Alikuwa kaka wa mama, mjomba akabaki. "Push her buttons" tukaiweka fungu la uchokozi, kidole cha tatu. "Get a rise" fungu hilohilo. "Fuel" fungu la kuongeza.

Tafsiri ya pili: "Mjomba wako anajua pa kumgusa. Zile pesa wala hazikumuuma. Alitaka tu kumtafutia hasira, na mwenzie alipoinuka kuondoka, akazidi kumchochea kwa kicheko."

Mama akasikiliza mpaka mwisho, akatikisa kichwa. "Huyo mjomba mchokozi. Kamfanyia kusudi mtoto wa watu, kaondoka na donge lake rohoni."

Tukaiandika safu ya tano.